Mawese Katika Bomba la Moshi

Kibondo,
12 Juni 1975

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani na miguu imekupa nafuu. Mimi ni mzima, ila baridi ya Kibondo mwezi huu haina adabu. Asubuhi hata wino unakuwa mvivu kutoka kwenye kalamu. Nimesikia shangazi Asia amejifungua mtoto wa kike. Mpe hongera zangu. Ningependa kuja kumwona mtoto, lakini sithubutu kuomba ruhusa sasa. Bado niko kwenye majaribio ya ukarani hadi mwisho wa Septemba, na Bwana Sylvesta, afisa wetu wa kilimo, ndiye atakayeandika kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani. Kila akikohoa, mimi hutazama nimekosea wapi.

Nashukuru kwa dumu la mawese ulilonitumia kwa mkono wa Venanti, utingo wa basi. Yalikuwa mekundu, mazuri, safi kabisa. Yamekwisha. Kama si usumbufu, naomba unitumie dumu jingine. Tafadhali yawe kama yale yale. Narudia kwa sababu ni muhimu: yawe kama yale yale.

Sababu usiniulize. Ni mambo ya kazi tu.

Mjukuu wako mtiifu,
Khatibu


Kasulu,
29 Juni 1975

Mume wangu Khatibu,

Marahaba. Barua hii naiandika mwenyewe, sikumtuma mtu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ametuambia kila mmoja amwandikie mtu aliye mbali. Wenzangu wameandikia watoto wao. Mimi nikasema namwandikia mume, darasa zima likacheka, mwalimu akaniambia nitulie.

Hapa sote wazima. Mtoto wa Asia analia kama baba yake alivyokuwa analia siku ya posa. Maharage ya shamba la Heru Juu tumepura, si haba. Miguu yangu ni ile ile, sina mingine.

Sasa tuzungumze. Dumu zima la mawese, mtu mmoja, ndani ya wiki chache. Babu yako alikuwa mlaji, kila aliyewahi kunawa naye mikono alijua, lakini hata yeye hakufikia hapo. Hapo pana midomo miwili. Hapo pana mwanamke. Unaniambia ni mambo ya kazi. Babu yako alipooa kule Ujiji naye aliniambia ni mambo ya kazi.

Anaitwa nani? Ni wa wapi? Kupika anajua, au ndiyo maana anamimina mafuta kama anaoga? Mimi ndiye mke mkubwa, nina haki ya kuambiwa. Kama unamficha mtani wako, utamwambia nani?

Dumu nimempa Venanti. Nimelijaza kwa mikono yangu. Nimemwekea mke mwenzangu mafuta yanayomfaa.

Mkono unaniuma. Nimeishia hapo.

Bibi yako,
Siti


Kibondo,
20 Julai 1975

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakupongeza kwa kuandika. Ila nakuomba, siku nyingine usiandike juu ya bahasha "Kwa mume wangu Khatibu". Barua zetu zote hupita mezani kwa Bwana Sylvesta. Aliishika, akaisoma bahasha, akaniita.

"Khatibu, kumbe umeoa?"

"Hapana, mzee."

"Kwenye fomu uliandika hujaoa."

"Ni bibi yangu, mzee. Mama yake baba."

Akasema na yeye anao wake wawili wa namna hiyo kwao Munanila, mmoja haoni na mwingine hasikii, na wote wanamdai kanga. Akacheka. Mimi sikucheka hadi nilipofika nje.

Nakuapia hakuna mwanamke. Ni pikipiki.

Pikipiki yetu ya ofisi ni ya aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili ndani ya tangi moja. Petroli tunapewa kwa kubahatisha. Oili yake haijaonekana Kibondo tangu masika. Nilipomweleza Bwana Sylvesta, alisema, "Wewe ndiye uliyesoma. Mimi nataka itembee." Shuleni niliwahi kusoma kwamba zamani mashine zililainishwa kwa mafuta ya mimea. Basi nilipima mawese yako, nikachanganya, nikatikisa, nikafunga kifuniko. Sikumwambia mtu.

Ikakubali, bibi. Nilishangaa kuliko yeyote. Asubuhi za baridi mafuta yaliganda ndani ya tangi, kwa hiyo nilikuwa nawahi kuitoa juani kabla mwenyewe hajafika. Moshi wake ulinukia jikoni. Ikipita sokoni watu wanauliza nani anakaanga migebuka saa hizi. Bwana Sylvesta alilalamika kwamba siku hizi anasikia njaa mapema akiwa njiani, akadhani ni umri.

Hayo yalikuwa ya dumu la kwanza. La pili halikufika nusu, pikipiki ikaanza kukosa pumzi. Juma lililopita, kwenye mlima wa njia ya Mabamba, ilikataa kabisa. Bwana Sylvesta aliisukuma kwa mikono mbele ya wakulima aliokwenda kuwakemea kwa uvivu. Mmoja wao alimwambia pole na kazi.

Aliporudi hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema anakwenda semina Tabora hadi mwanzoni mwa Septemba. "Karatasi yako ya kuthibitishwa iko kwenye droo yangu. Nikirudi nikaikuta pikipiki inapanda mlima, nitaitia saini. Nikiikuta hivi, nitajua la kuandika."

Ninacho kitabu cha pikipiki, nimekisoma chote pamoja na kurasa za matangazo. Nimefungua nati zinazoshika bomba la moshi kwenye injini. Tundu la moshi, ambalo katika picha ni pana kama kikombe cha kahawa, limebaki la kupitisha kidole. Masizi yameganda humo, mazito, yanang'aa kama lami. Niliizungusha injini polepole mpaka pistoni ikaziba tundu ili uchafu usidondokee ndani, kisha nikakwangua kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kinachubua. Hapo niliweza.

Taabu iko kwenye bomba lenyewe. Ndani yake kuna bomba jingine jembamba lenye vitundu, ndilo linalomeza kelele. Linashikwa na bolti moja ndogo nyuma. Kitabu kinasema ukiitoa bolti hiyo, unalivuta taratibu linatoka. Bolti nimeitoa. Nimevuta taratibu. Nimevuta bila taratibu. Nimevuta huku Niyonsaba, mlinzi wetu, amelikalia bomba la nje. Limekwama kama limezaliwa humo.

Katika masizi niliyokwangua nimekuta nyuzinyuzi, na chembechembe kama mchanga. Dumu la kwanza halikuwa hivyo. Bibi, lile la pili lilitoka wapi?

Mjukuu wako mwenye mashaka,
Khatibu


Kasulu,
5 Agosti 1975

Mume wangu Khatibu,

Marahaba. Kwa hiyo nimenyang'anywa mume na pikipiki. Afadhali angekuwa mwanamke, tungegombana nikapata mtu wa kuzungumza naye.

Asia ameshatoka nje na mtoto. Wamempa jina langu, nikajifanya sijui kwamba walitaka kumpa la upande wa pili. Paa la jiko limebonyea, fundi anasema kesho, na kesho yake ni ya tangu Ramadhani. Kwenye kisomo mwalimu amenihamishia safu ya mbele. Anasema ni kwa kuwa naendelea vizuri. Najua ni ili nisipige soga.

Mwishoni mwa barua yako uliniuliza kitu. Karatasi ilikuwa imekunjamana pale, sikukisoma vizuri.

Ushauri wangu ni huu. Mwambie Bwana Sylvesta ukweli. Mtu mzima akiambiwa ukweli uso kwa uso hupoa, na anayesema hulala usingizi. Kuficha jambo ni kazi ya kuchosha. Nakwambia kama mtu aliyekaa na babu yako.

Kama huo ukweli unakushinda, loweka bomba katika maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Mimi masufuria yangu nayatakatisha kwa hayo.

Bibi yako,
Siti


Kibondo,
26 Agosti 1975

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi mtoto amechukua jina lako, ingawa namwonea huruma mume wake atakayekuja. Paa la jiko usimngoje fundi, mwombe baba mdogo.

Ushauri wako wa kwanza nimeutafakari sana na nimeshindwa. Nilijaribu kuuandika ukweli huo kwenye karatasi, niuone unavyofanana. Ulifanana na barua ya kuacha kazi. Niliichana.

Wa pili nimeufuata. Nililoweka bomba ndani ya pipa la maji ya majivu, nikaliacha, nikarudi. Pipa zima lilikuwa limeumuka povu. Kumbe mawese na majivu yakikutana yanafanya sabuni, na mimi niliyesoma kemia nilisahau. Nje bomba lilitakata kama la dukani. Ndani halikusogea. Niyonsaba alifua shati lake na la jirani, kwa kuwa sabuni hapa imekuwa adimu, akaniuliza kama nitaloweka tena wiki ijayo.

Ndipo nikaamua moto. Tuliwasha makaa nyuma ya ofisi, tukaliweka bomba juu yake. Haikuchukua muda moshi ukaanza kutoka pande zote mbili, na harufu, bibi, harufu ilikuwa ya harusi. Mama mmoja jirani, Maximilla, alichungulia kwenye ua akiwa ameshika sahani.

"Mna shughuli?"

"Hapana mama, ni bomba."

"Bomba la nini?"

"La pikipiki ya ofisi."

Alinusa, akaitazama pikipiki iliyokuwa imefunguliwa, akanitazama mimi. "Basi pikipiki yenu inakula vizuri kuliko sisi," akasema, akaondoka na sahani yake. Baada yake walikuja wengine, na hao hawakuamini. Mzee mmoja alikaa kabisa, akasema atangoja liive.

Bomba lilipoiva, Niyonsaba alitaka tufunge waya kwenye lile la ndani na kuufunga upande wa pili kwenye mlingoti wa bendera. "Shefu," ndivyo anavyoniita, kwa maana ya mkubwa, "ule haung'oki." Nikamwambia hata usipong'oka, mimi nitang'olewa. Tukatumia mkaratusi. Tulilifunga bomba la nje kwa magunia mabichi, tukavuta sote wawili, na yule mzee aliyengoja chakula akatusaidia. Likatoka ghafla, tukaanguka. Nilipoinuka niliona limetoka nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeliwa na moto na kutu, ikawa inatoka vipande vipande kama ganda la yai. Hakuna wa kuirudisha. La kubadilisha halipatikani Kibondo, na kuliagiza ni lazima nieleze la zamani limekufa kwa ugonjwa gani.

Nimeifunga pikipiki bila bomba la ndani.

Jana niliikanyaga kiki. Iliwaka mara moja, ina nguvu ajabu. Lakini sauti yake siwezi kukueleza. Watoto wa shule walitoka darasani bila kengele. Kuku wa Maximilla aliacha mayai, hajarudi. Niyonsaba alilala kifudifudi chini kabla sijajua kinachotokea. Alipoinuka alijikung'uta magoti, akaniambia kwamba kwao Burundi, mwaka wa sabini na mbili, walijifunza kulala chini upesi. Akaniomba niizime. Niliizima.

Bwana Sylvesta anarudi wiki ijayo. Nguo zangu nimeziweka sandukuni, kama tahadhari.

Karatasi hii nimeikunja vizuri, bibi. Lile dumu la pili lilitoka wapi?

Mjukuu wako,
Khatibu


Kasulu,
8 Septemba 1975

Mume wangu,

Marahaba. Karatasi ilifika imenyooka, nimeisoma yote.

Lile dumu nilikomba chini ya pipa. Machicha, na mchanga ulioingia wakati tulipohamisha. Nilisema mwanamke asiyeniletea hata salamu atakula machicha yangu. Nilicheka peke yangu nikijaza. Nilikuwa naona wivu, na kwa umri wangu wa miaka sabini na ngapi sijui, hiyo nayo ni afya. Sikujua anayekula ni serikali.

Nimeswali rakaa mbili kwa ajili ya saini yako. Asia anakusalimu. Fundi hajaja.

Siti


Kibondo,
19 Oktoba 1975

Bibi yangu, na mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Kuhusu machicha nimekusamehe, kama mume anavyolazimika kusamehe asipokuwa na pa kwenda. Nasikia mvua zimeanza huko na maharage mmeshapanda. Huku pia ardhi imelainika.

Nimethibitishwa kazini. Karatasi iko mbele yangu, ina saini na muhuri. Nimeigusa mara nyingi mpaka pembe moja imechafuka.

Yalikwenda hivi. Bwana Sylvesta alirudi, akaiwasha pikipiki uani. Nilisimama nyuma ya mlango. Aliizima, akaniita.

"Umeifanyaje hii?"

"Nimesafisha bomba, mzee."

"Inapiga kelele."

"Ndiyo, mzee."

"Mlima itapanda?"

"Itapanda, mzee."

Akapanda, akaenda zake. Alitembelea vijiji vya upande wa Mabamba, vile vile ambako kila mwezi alikuwa akirudi na majina ya watu waliokutwa wamekaa barazani saa za kulima. Unajua amri ya kilimo ilivyo mwaka huu, na unajua anayekutwa amekaa hutozwa faini au hulala rumande. Nilingoja. Alirudi amejaa vumbi na amejaa furaha.

"Khatibu, watu wamebadilika," alisema. "Sijamkuta hata mmoja ameketi. Vijiji vyote, wako shambani, wazee kwa vijana. Mwingine nimemkuta analima juu ya jiwe."

Akasema ni matunda ya semina ya Tabora. Alichofundishwa kule, alisema, ni kuzungumza na wakulima kwa upole, na hata kabla hajazungumza ameona tofauti. Aliandika taarifa mkoani, mimi nikaipiga chapa. Mkoani wamemsifu. Siku barua ya sifa ilipofika, alifungua droo akanitilia saini bila kuketi.

Jioni hiyo Niyonsaba aliniambia, "Shefu, wanamsikia akiwa bado kilima cha tatu."

Nilimwambia najua. Nilijua tangu alipotaja jiwe. Sikusema kitu kwa Bwana Sylvesta, na sidhani kama nitasema. Ningeanzia wapi? Ningeanza na kelele, angeuliza bomba la ndani liko wapi, ningemaliza na wewe na pipa lako. Na tena, bibi, sasa hakuna anayekutwa amekaa, hakuna anayeandikwa jina. Najiambia kwamba hilo ni jambo jema. Najiambia kila siku.

Bwana Sylvesta amependa nguvu ya pikipiki mpaka amemwandikia mwenzake wa Kasulu, Bwana Stanislaus, kwamba anaye karani anayejua mabomba. Nitakuja Novemba kumtengenezea ya kwake vivyo hivyo, na kumzungusha aione inavyopanda. Nilitaka kukataa, sikupata mahali pa kuanzia. Nitakuja kula kwako.

Mjukuu wako aliyethibitishwa,
Khatibu


Kasulu,
2 Desemba 1975

Mume wangu Khatibu,

Marahaba. Natumai ulifika salama na basi halikulala njiani. Mtoto wa Asia ameota jino baada ya wewe kuondoka, kana kwamba alikuwa anakuogopa. Paa limekwisha, baba mdogo wako alilipanda mwenyewe. Kwenye kisomo nimefaulu mtihani, nina cheti, nimekitundika pale ulipokuwa umetundika kofia yako.

Nilikuona ulipokula kwangu Jumatano jioni. Ulikula vizuri. Ulizungumza juu ya kazi, juu ya Bwana Stanislaus alivyofurahi. Hukusema mlikozunguka siku ile, na mimi sikuuliza. Nakuandikia sasa kwa kuwa kwenye karatasi hunioni uso.

Jumatano asubuhi nilikuwa Heru Juu. Nilikuwa nimepalilia tangu alfajiri, miguu ikachoka, nikakaa juu ya tuta nikichoma muhogo. Jirani yangu wa shamba, Pelagia, alikuwa ameketi ananyonyesha. Ndipo tukasikia, mbali, ng'ambo ya kilima, kitu kama mbao zinapasuka. Pelagia akanivuta mkono. "Inuka bibi, wanakuja wale." Sikumuuliza ni akina nani. Alimlaza mtoto kwenye majani, akachukua jembe. Kila mtu kwenye mteremko ule aliinuka. Mzee mmoja mwenye kilema cha nyonga naye aliinuka. Na mimi nikainuka.

Nilijua ni pikipiki ya namna gani. Nilikuwa nimeisoma, nina cheti cha kusoma. Nilijua ni wewe uliyeitengeneza na nilijua bomba lake limekosa nini. Nilijua yote hayo, na bado nikainama nikalima.

Mlipita chini yetu. Wewe uliendesha, mwenzako nyuma amekushika kiuno kwa mkono mmoja. Mkasimama. Yeye akatazama juu, akatoa kalamu, akaandika, bila shaka aliandika kwamba tuna bidii. Wewe uligeuza uso upande wa mto. Sijui kama hukuniona au uliniogopa. Ni haki yako kuogopa, umezaliwa nayo, baba yako alikuwa hivyo hivyo.

Mlipoondoka nilitazama chini. Nilikuwa nimelima maharage yangu mwenyewe, yaliyokwisha kuota majani mawili mawili. Nimeyang'oa mstari mzima kutoka juu hadi chini, umenyooka kama wa mwalimu. Pelagia aling'oa ya kwake zaidi. Tuliyarudisha ardhini, lakini jua lilikuwa limeshayawahi.

Muhogo niliukuta umeungua.

Sikukasirika. Nimefurahi umethibitishwa, nawaambia watu wote. Kula vizuri, vaa sweta. Na siku nyingine ukija huku usihangaike kutanguliza barua. Tutakusikia.

Mke wako mkubwa,
Siti